Nani Anadaka Tonge?

ELISHA: Leo sauti yangu mtaisikia ina mikwaruzo. Maiki ni nzima, koo ndilo bovu.

ZUHURA: Waambie kilichokupata, mdogo wangu. Jumapili usiku ulinipigia simu, nikasikia mtu anameza mate tu.

ELISHA: Ni sato, dada Zuhura. Mama mkwe amekuja kutoka Mwanza, kapika sato wa kuchemsha na ndimu, mimi nakula huku macho yako kwenye mpira. Tonge la tatu, kitu kikanichoma hapa kushoto, chini ya taya. Nikitulia, hakipo. Nikimeza mate, kipo.

ZUHURA: Ukafanya nini?

ELISHA: Alichosema mama mkwe. Finyanga tonge kubwa la ugali, meza bila kutafuna.

ZUHURA: Matonge mangapi?

ELISHA: Manne. Halafu ndizi. Halafu maji ya ndimu.

ZUHURA: Manne! Mama mkwe namheshimu sana, na ushauri huo hata mama yangu Tanga alikuwa nao. Lakini sikiliza. Mwiba mara nyingi hukwama pembeni, kwenye tezi za koo, zile zinazovimba mtu akipata mafindofindo, au kwenye shina la ulimi. Tonge linapita katikati. Kwa hiyo ama linaukosa, ama linaukandamiza uzame zaidi. Na likifanikiwa kuushusha, linaushusha kwenye umio, mrija wa nyama laini wa kama sentimita 25 hadi tumboni. Ukichoma huko, hakuna tochi itakayouona.

ELISHA: Ndiyo maana asubuhi nilikwenda zahanati. Daktari kavaa taa kichwani, kakandamiza ulimi kwa kijiti, "sema aaa". Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu hapa." Koleo refu, sekunde mbili, kwisha. Kauweka kwenye pamba: mweupe, mwembamba kama uzi, urefu wake kama ukucha wa kidole hiki cha mwisho. Usiku mzima sikulala kwa kitu kile!

ZUHURA: Pole sana.

ELISHA: Akanipa na kioo nijitazame. Akasema ulikuwa pembeni, si mbali na kidakatonge.

ZUHURA: Akakuonyesha nini?

ELISHA: Kile kinachoning'inia katikati.

ZUHURA: Hicho ni kimeo. Wengine husema kimio.

ELISHA: Kimeo, kidakatonge, kitu kimoja.

ZUHURA: Hapana, Elisha.

ELISHA: Bibi yangu alituambia fungua kinywa, akatunyooshea kidole: "Hicho ni kidakatonge." Sikukisoma kitabuni.

ZUHURA: Na mimi mwalimu wangu wa baiolojia alichora ubaoni, akaandika kidakatonge kwenye kile kipande cha gegedu chenye umbo la jani, kilicho nyuma ya shina la ulimi, juu ya mlango wa njia ya hewa. Hukioni kwa kufungua kinywa tu. Wasikilizaji, wekeni vidole kwenye kikoromeo, lile fundo la shingoni. Mezeni mate. Mmelisikia limepanda?

ELISHA: Limepanda, ndiyo. Na linauma.

ZUHURA: Likipanda, lile jani linalala na kufunika mlango wa hewa, na nyuzi za sauti chini yake zinabana. Pumzi inasimama, haifiki hata sekunde mbili, tonge linapita nyuma kuingia kwenye umio, halafu kwa kawaida unatoa pumzi kidogo. Ukicheka au ukiongea katikati ya kazi hiyo, unapaliwa. Sasa niambie, golikipa anasimama wapi? Golini. Na goli hapa ni mlango wa hewa.

ELISHA: Dada, golikipa anayelala chini akaziba goli kwa mwili wake hajadaka mpira. Ameziba. Hicho chako kingeitwa kifuniko. Kudaka ni kusimama njiani mpira unapokuja, na anayeonekana amesimama njiani ni nani? Ni huyu anayening'inia.

ZUHURA: Anaonekana, lakini hadaki chochote! Kimeo kinapanda pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya puani, chakula kisije kutokea puani. Na kinalowesha koo. Tonge hakiligusi kwa maana ya kulizuia.

ELISHA: Waliotoa jina walitazama, hawakupasua. Jina ni la waliotazama.

ZUHURA: Ngoja nikwambie kwa nini silegezi. Nikiwa wodi ya watoto tuliletewa mtoto wa miaka miwili, kanga ya mama imelowa damu kuanzia kifuani. Alikuwa anakohoa mwezi mzima. Wakamwambia mama, kimeo kimerefuka, kinanasa chakula, kikatwe. Akapelekwa kwa mkata kimeo. Mtoto tulimwokoa, lakini kikohozi kilikuwa palepale, kwa sababu kilikuwa kinatoka mapafuni.

ELISHA: Mungu wangu.

ZUHURA: Kiwembe kile kimepita kwa watoto wangapi? Hapo kuna kuvuja damu, kuna pepopunda, kuna virusi vya UKIMWI. Na siku zinazopotea ni za kupima kifua kikuu au kutibu nimonia. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi ni cha kupimwa, hakikatwi. Sasa ukimwambia mama kwamba kile kinachoning'inia kazi yake ni kudaka matonge, umeshampa nusu ya sababu ya kukikata.

ELISHA: Hapo nakataa, tena kwa moyo mzito, maana hadithi hiyo inauma. Bibi yangu alikiita kidakatonge maisha yake yote na hakumpeleka mjukuu hata mmoja kukatwa. Jina halikushika kiwembe. Ukiwanyang'anya watu neno la wazee wao halafu ukataka wakusikilize juu ya afya, hawatakusikiliza. Mwambie mama, "Kidakatonge hicho, usikikate, hakileti kikohozi." Atakuelewa.

ZUHURA: Atauliza, "Kama kinadaka, mbona mwanangu anatapika?" Nimeulizwa hivyo, Elisha. Mimi.

ELISHA: Basi unamjibu. Humbadilishii lugha.

ZUHURA: Mimi nitaendelea kusema kimeo kwa kile cha juu, na kidakatonge kwa kile cha chini.

ELISHA: Na mimi nitasema alivyosema bibi.

ZUHURA: Haya. Fundi mitambo ananionyesha vidole vinne.

ELISHA: Dakika nne! Tulipanga njia tatu leo: ya chakula, ya hewa na ya mkojo. Tumeishia kooni.

ZUHURA: Na nilikuwa na la karanga, silitupi. Mtoto mdogo akivuta punje ya karanga, mara nyingi inaelekea pafu la kulia, kwa sababu bomba la upande huo ni pana na limenyooka zaidi. Akipaliwa ghafla halafu akabaki na kikohozi au mluzi kifuani, hata kama amechangamka, mpelekeni.

ELISHA: Na figo?

ZUHURA: Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, tunakojoa lita 1 au 2. Zile nyingine zinakwenda wapi? Siwezi kueleza kwa dakika mbili, nitawaharibia.

ELISHA: Wiki ijayo tuanze na figo, koo tusiliguse.

ZUHURA: Tuanze na figo. Bado unahisi mwiba?

ELISHA: Nahisi kama upo palepale.

ZUHURA: Huo ni mchubuko, mwiba ukitoka unaacha mkwaruzo unaodanganya. Lakini ukifika keshokutwa haujapungua, rudi kwa daktari. Leo jioni unakula nini?

ELISHA: Mama mkwe amebakiza sato.

ZUHURA: Zima runinga, Elisha. Chambua kwa vidole.