Pigo Lililokwenda Hewani: Kufuatia katika Upanga Mrefu wa Kijerumani

Mabibi na mabwana, naomba mkitazame kwanza kijiti hiki nilichokishika. Urefu wake ni kama mita 1.2, ambao ndio urefu wa kawaida wa upanga wa mikono miwili uliotumika Ujerumani katika karne ya 15, ingawa upanga wenyewe ungekuwa mzito zaidi, kati ya kilo moja na kilo moja na nusu. Nikikiinua juu ya bega la kulia na kukishusha kwa nguvu nikimlenga mtu kichwani, naye akarudi nyuma hatua moja tu, kijiti kinaendelea kushuka mpaka ncha inakaribia sakafu. Tazameni nilivyobaki: mikono iko chini ya kiuno, kichwa kimetangulia mbele, na kati ya uso wangu na mpinzani hakuna kitu. Mazungumzo yangu ya jioni hii yote yamo katika muda huo mfupi, unaoanza ncha inapopita shabaha na kwisha upanga unapopanda tena.

Wajerumani wana kitenzi verhauen, ambacho mwanafunzi wao wa leo hukitumia anapoboronga mtihani. Katika maandishi ya kale ya mapigano, maana yake ni ya mwilini zaidi: mtu amepiga, pigo limekwenda hewani, na upanga umemvuta. Mafundisho ya Johannes Liechtenauer, bingwa wa karne ya 14 ambaye elimu yake imetufikia katika beti fupi za mafumbo, yanampa yule aliyekoswa jibu linaloitwa Nachreisen, yaani kusafiri nyuma ya mwenzako. Mimi hupenda kuliita kufuatia. Beti hizo hazifumbuki bila mfafanuzi, na nadhani ndivyo zilivyokusudiwa, kwa hiyo tunawategemea walimu waliokuja baadaye, akiwemo Sigmund Ringeck.

Wafafanuzi hao wanaeleza hivi: mpinzani akipiga kutoka juu, jihadhari asikufikie, wala usiuguse upanga wake; mara upanga huo ukishaanza kuelekea chini, ruka ndani kwa mguu wa kulia umpige kichwani kabla hajainuka. Agizo la kutougusa upanga ndilo linalowashinda wanagenzi wengi, maana mkono wa binadamu una hamu ya kukinga. Lakini ukikinga, umemfanyia hisani: umeusimamisha upanga wake mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuusimamisha, na ile sekunde aliyokuwa aipoteze umemrudishia.

Ukiingia mapema unalifuata pigo likiwa bado na nguvu, na ukichelewa unakuta upanga umekwisha kupanda. Mafundisho haya hupima wakati kwa maneno matatu. Mawili ya kwanza, Vor na Nach, ni Kabla na Baada, na hayana shida. La tatu, Indes, limewasumbua sana watafsiri wa lugha nyingine, lakini sisi tunalo tayari midomoni: papo hapo.

Tuseme umefuatia, naye akawahi kuinua upanga na kulipokea pigo lako. Hapo panahitajika kile walichokiita Fühlen, kuhisi, kwa maana kwamba unabaki umegusana na chuma chake ili mikono yako ipime iwapo mpinzani ni laini au ni mgumu. Akiwa mgumu na anausukuma upanga wako kwenda juu, usishindane naye nguvu: uache apandishe, uhamishie wako upande wa nje juu ya wake, kisha umchome sehemu ya chini aliyoiacha wazi kwa kusukuma huko. Nguvu zake ndizo zilizoufungua mlango.

Nimesema sana juu ya aliyekoswa, na sasa ni haki kumgeukia aliyekosa. Hati iliyohifadhiwa katika Germanisches Nationalmuseum mjini Nürnberg, inayojulikana kwa namba 3227a, inasisitiza kwamba pigo la kwanza lisiende peke yake. Likipata au likikosa, la pili liwe limekwisha kuanza, ili mpinzani asipate nafasi ya kupiga lake. Mwandishi anatumia maneno ya Kilatini frequens motus, mwendo usiokatika, na anataka pigo liende kwa njia fupi kabisa, kana kwamba uzi umefungwa kwenye upanga na kuuvuta moja kwa moja hadi kwenye mwili wa mpinzani. Kwa fikra hiyo, kosa la mtu niliyemwigiza mwanzoni ni kwamba alitupa pigo moja akalitegemea kama mtu atupaye jiwe, na upanga ulipofika chini ukawa umefika mwisho wa nia yake.

Kisha kuna hila ya kukosa makusudi. Inaitwa Fehler, neno ambalo kwa Kijerumani cha leo ni kosa tu, lakini kwa wapiganaji lilikuwa pigo linalotishia upande mmoja ili mpinzani aende kukinga, huku upanga ukigeukia upande mwingine. Joachim Meyer, mwalimu wa upanga wa baadaye, katika kitabu chake kilichochapwa Strasbourg mwaka 1570, naye anafundisha kuliacha pigo lipite bila kugusa upanga unaokuja kulikinga, ili liangukie penginepo.

Basi anayetaka kufuatia atajuaje kama pigo lililompita limepotea au limepitishwa? Mwanafunzi huitazama ncha, kwa kuwa ndiyo inayotisha, na ncha humdanganya. Mimi huwaambia watazame mikono. Ikiwa imeporomoka chini ya kiuno na bega limeifuata, ingia. Ikiwa imebaki usawa wa kifua ilhali ncha pekee ndiyo iliyopita, usiende, kwa maana upanga huo uko njiani kurudi. Naomba sasa wawili miongoni mwenu wavae barakoa waje hapa mbele, nami nitapiga mara kumi bila kuwaambia ni lipi nimekosa kweli.