Skrini Mbili kwenye Linux: Kutoka Kwenye Waya Hadi Seva ya Skrini

Ndugu watazamaji, karibuni. Video hii imerekodiwa Mwanga, mjini Kigoma, ndani ya duka la steshenari ambamo kazi kubwa ni kutengeneza kadi za harusi, kadi za michango, mihtasari ya vikao na vitambulisho vya wanafunzi. Mezani, kama mnavyoona, kuna laptopu yenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, na kando yake kuna monita ya mtumba yenye pikseli 1280 kwa 1024. Tunataka mbunifu afanye kazi zake kwenye laptopu, na mteja aliyeketi upande wa pili wa meza aione kadi yake kwenye monita, bila kulazimika kuinama juu ya bega la mbunifu na bila kuona kadi za watu wengine. Laptopu hii inatumia Linux. Anayetumia mifumo endeshi mingine kama FreeBSD au OpenBSD atafaidika pia na sehemu ya amri za xrandr, yaani amri za kupanga skrini, kwa kuwa seva ya X, programu inayoonyesha picha kwenye skrini, anayoitumia ni hiyohiyo.

Kabla hatujagusa waya, naomba tuelewane kuhusu jambo moja, kwani mengi ya yanayofuata yanalitegemea. Kazi ya kuonyesha picha imegawanywa katika ngazi tatu. Ngazi ya chini ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambayo huzungumza na kadi ya picha na kutambua kama kuna monita iliyochomekwa. Ngazi ya kati ni seva ya skrini, ambayo huamua kila monita ionyeshe sehemu gani ya uwanja mzima wa picha. Ngazi ya juu ni eneokazi, yaani madirisha, paneli na menyu ya mipangilio. Kila tatizo la skrini mbili lina ngazi yake, na anayetafuta dawa kwenye ngazi isiyohusika anaweza kuhangaika siku nzima akibadilisha mipangilio ilhali kasoro iko kwenye waya.

Hatua ya kwanza ni kujua unatumia seva gani ya skrini. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha uandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu likiwa x11, unatumia Xorg, ndiyo seva ya X. Likiwa wayland, programu inayoendesha eneokazi lako ndiyo yenyewe seva ya skrini. Tofauti hii ina historia yake. X ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na toleo lake la 11, ambalo bado linatumika, lilitoka mwaka 1987. Enzi hizo kompyuta ya kazi ilikaa mezani na skrini yake haikuondolewa, kwa hiyo walioitunga itifaki hiyo, yaani kanuni za mawasiliano kati ya seva na programu, waliona inatosha idadi ya skrini ijulikane pale seva inapowashwa, na dirisha lililofunguliwa kwenye skrini moja lisiweze kuhamia nyingine. Baadaye kiendelezi cha Xinerama kiliziunganisha skrini zionekane kama moja kubwa, lakini mpangilio wenyewe uliendelea kuandikwa kwenye faili, na kila ulipobadilishwa seva ilibidi iwashwe upya. Kilichotuwezesha kuchomeka waya huku kazi ikiendelea ni kiendelezi cha RandR, toleo la 1.2, kilichoingia kwenye seva ya Xorg mwaka 2007. Mwaka uliofuata, 2008, Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, itifaki iliyotungwa upya kwa kuzingatia kwamba siku hizi kadi ya picha, kerneli na programu hufanya zenyewe kazi nyingi ambazo zamani zilikuwa za X.

Hatua ya pili ni kuchomeka waya na kuiuliza kerneli inaona nini. Laptopu hii ina tundu la HDMI, na monita ina VGA peke yake, jambo la kawaida sana kwa monita za mtumba. Hapa nawasihi muwe waangalifu dukani. HDMI hupitisha ishara za dijitali na VGA hupitisha za analogi, kwa hiyo lazima kuwe na adapta yenye saketi ya kubadilisha ishara ndani yake. Waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande mwingine hautaonyesha kitu. Ukishachomeka, andika:

grep . /sys/class/drm/*/status

Kila tundu litaonekana kwenye mstari wake likiwa na neno connected au disconnected. Tundu la HDMI likisomeka disconnected wakati monita inawaka, usiende kwenye mipangilio ya eneokazi kamwe. Kagua waya, adapta na tundu lenyewe kwanza.

Kuna hali nyingine inayosumbua zaidi: tundu linasomeka connected, lakini picha inakuja kwa ukubwa usiofaa, mara nyingi 1024 kwa 768. Monita isiyo na kasoro huieleza kompyuta uwezo wake kupitia taarifa fupi iitwayo EDID, ambayo kipande chake cha msingi kina baiti 128 tu. Kwenye VGA taarifa hiyo hupita katika pini ya 12 na ya 15. Waya ukiwa umechoka, au ukiwa ulitengenezwa bila pini hizo, rangi zitapita vizuri kabisa na taarifa haitafika, na mfumo utabaki kukisia ukubwa salama. Badilisha waya kabla ya kufanya lolote lingine. Kama hakuna mwingine, nitaonyesha njia ya kuizunguka kasoro hiyo baada ya muda mfupi.

Hatua ya tatu ni kupanga skrini kwenye Xorg. Andika xrandr bila kuongeza neno lolote, na utaona majina ya matundu pamoja na ukubwa unaowezekana. Hapa skrini ya laptopu inaitwa eDP-1 na monita inaitwa HDMI-1. Kwenye kompyuta yako majina yanaweza kutofautiana kulingana na draiva, hivyo tumia yale unayoyaona wewe. Sasa naandika:

xrandr --output HDMI-1 --mode 1280x1024 --right-of eDP-1

Monita imewaka, na kipanya kinavuka kutoka laptopu kwenda kulia. Tutazame kilichotokea. Seva ya X sasa ina uwanja mmoja wenye upana wa pikseli 3200, yaani 1920 za laptopu kujumlisha 1280 za monita, na urefu wa 1080. Lakini monita ina urefu wa 1024. Chini yake kwenye uwanja kumebaki utepe wa pikseli 56 ambao haumo katika skrini yoyote. Ukipiga picha ya skrini nzima, utepe huo hutokea kama ukanda mweusi, na baadhi ya programu za zamani zinaweza kuangusha sehemu ya dirisha humo. Watu wengi huiona hali hii kama ubovu wa kadi ya picha, ilhali ni hesabu ya kutoa tu.

Kwa kuwa monita yetu imekaa mezani ikiwa imelingana na laptopu upande wa chini, inafaa uwanja ufanane na meza:

xrandr --output eDP-1 --primary --pos 0x0 --output HDMI-1 --mode 1280x1024 --pos 1920x56

Namba ya kwanza ya --pos ni umbali kutoka kushoto, na ya pili ni umbali kutoka juu. Neno --primary linaieleza seva kwamba laptopu ndiyo skrini kuu, na maeneokazi mengi huweka paneli zake huko. Sasa kipanya kikivuka chini kabisa ya laptopu kinatokea chini kabisa ya monita, bila kuruka. Mnaweza kuona hili ni jambo dogo, lakini kwa mtu anayevuka mpaka huo kutwa nzima akipanga kadi, tofauti anaihisi mkononi.

Ipo pia --same-as, inayofanya skrini zote mbili zionyeshe picha ileile. Hiyo inafaa kwa projekta darasani. Kwa kaunta kama hii siipendekezi hata kidogo, kwa sababu mama aliyekuja kuchapa kadi ya bintiye hapaswi kusoma orodha ya michango ya familia nyingine iliyofunguliwa kwenye laptopu.

Sasa njia niliyoahidi kwa yule ambaye taarifa ya EDID haimfikii. Andika cvt 1280 1024 60, na utapewa mstari unaoanza na neno Modeline. Nakili kila kitu kinachofuata baada ya neno hilo, ukibandike baada ya maneno xrandr --newmode. Kisha uambatishe ukubwa huo kwenye tundu lako:

xrandr --addmode HDMI-1 "1280x1024_60.00"

Baada ya hapo utumie --mode yenye jina hilo. Usiandike ukubwa unaozidi uwezo wa monita ulioandikwa kwenye lebo ya nyuma, hasa ukiwa na monita ya zamani.

Hatua ya nne ni kuufanya mpangilio udumu, kwani amri ya xrandr husahaulika ukitoka kwenye akaunti. Unaweza kuiandika katika faili la .xprofile kwenye folda yako ya nyumbani, na hiyo inatosha kama monita haiondolewi. Kwa hapa dukani nimechagua programu ya autorandr. Ukishapanga skrini unavyotaka, unaandika autorandr --save kaunta, na programu huhifadhi mpangilio pamoja na utambulisho wa monita uliosomwa kwenye EDID. Sababu ya uchaguzi huu ni umeme. Ukikatika, laptopu hubaki kwenye betri na monita huzimika. Ikihesabiwa kuwa imechomolewa, madirisha yake hurudi kwenye laptopu. Umeme ukirejea, autorandr huitambua monita na kuurudisha mpangilio bila mtu kuandika amri.

Kwa kadi zenyewe, fungua kazi kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, uondoe alama ya Single-Window Mode kwenye menyu ya Windows, kisha nenda kwenye menyu ya View, uchague New View. Buruta dirisha hilo la pili hadi kwenye monita, kisha bonyeza F11 lijaze skrini. Mbunifu anaendelea kukuza na kupunguza upande wake, na mteja anaona kadi nzima ikibadilika.

Tuingie Wayland. Ukiandika xrandr humo, utapata majibu yanayofanana na ya kweli, lakini yanatoka kwa Xwayland, seva ndogo iliyopo kwa ajili ya programu za zamani, na huwezi kupanga monita kupitia kwake. Mpangilio unashikwa na seva ya eneokazi lenyewe. Kwenye eneokazi la GNOME tumia ukurasa wa skrini katika mipangilio, na matokeo yataandikwa katika faili la .config/monitors.xml. Eneokazi la KDE lina amri ya kscreen-doctor. Kwenye Sway, seva ya Wayland inayopangwa kwa faili la maandishi, unaandika mstari huu katika faili la mipangilio:

output HDMI-A-1 mode 1280x1024 position 1920 56

Mtu akiniuliza Wayland inamfaidia nini mwenye skrini mbili, nitamjibu kwamba faida kubwa ni ukuzaji. Kwenye uwanja mmoja wa X, programu nyingi hutumia kiwango kimoja cha ukuzaji kwa skrini zote, hivyo maandishi yakisomeka vizuri kwenye laptopu yenye pikseli zilizobanana, huwa makubwa kupita kiasi kwenye monita ya kawaida. Chaguo la --scale la xrandr husaidia, ila hufifisha herufi. Kwenye Wayland kila skrini huitangazia programu kiwango chake, na programu hujichora upya dirisha linapohamia. Awali viwango vilikuwa namba kamili tu, 1 au 2. Itifaki ya viwango vyenye desimali iliongezwa mwaka 2022.

Lakini ukuzaji huo unabadilisha hesabu ya mahali. Ukiikuza laptopu kwa 1.25, upana wake kwenye uwanja unakuwa 1920 kugawanya kwa 1.25, yaani 1536, na urefu unakuwa 864. Kwa hiyo monita ianzie 1536. Ukiiacha kwenye 1920 utakuwa umeweka pengo kati ya skrini, na kwenye Sway kipanya hakivuki pengo. Kitagota ukingoni, nawe utadhani monita imekufa.

Wapo vijana mnaonitazama kutoka vyuoni, hapa Kigoma na Tabora, ambao mngependa kushiriki kuziandika seva hizi, na hamna monita ya pili. Hamuihitaji ili kuanza. Sakinisha Weston, seva ya mfano ya mradi wa Wayland, kisha ndani ya eneokazi lako la kawaida uandike:

weston --output-count=2

Yatafunguka madirisha mawili, na kila moja Weston itaihesabu kuwa monita kamili. Ukiendesha wayland-info kwenye terminali iliyo ndani ya Weston, utaona vitu viwili vyenye jina wl_output, kila kimoja kikiwa na mahali pake, ukubwa wake na kiwango chake cha ukuzaji. Anayependelea seva zilizojengwa kwa maktaba ya wlroots, kama Sway, atangulize WLR_WL_OUTPUTS=2 kabla ya amri ya kuiwasha seva akiwa ndani ya Wayland, au WLR_X11_OUTPUTS=2 akiwa ndani ya X.

Ukishafika hapo, soma msimbo unaoshughulikia skrini inapoondoka, kwa sababu ndipo penye kazi ngumu. Skrini ikichomolewa, seva lazima iitangazie kila programu kwamba wl_output ile haipo tena, ihamishe madirisha yaliyokuwamo, na iipokee bila kuanguka programu ambayo bado inaitaja skrini hiyo kwa kuwa tangazo halijaifikia. Kwenye Wayland seva ikianguka huangusha programu nyingi pamoja nayo, na mtumiaji hupoteza kazi ambayo hajaihifadhi. Jaribio zuri la kuanzia ni hili: fungua programu kwenye skrini ya pili ya bandia, ifunge skrini hiyo, kisha utazame dirisha limekwenda wapi, na utafute katika msimbo mstari ulioamua hivyo.