Nawafundishaje Wataliano Kiingereza, na Wananilipa Ngapi?

Hamjambo watu wangu wa Malindi, Watamu na nyote mnaonitazama. Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, wewe wa Malindi unawafundishaje Wataliano Kiingereza huko Italia? Wanakulipa ngapi? Na mimi nije?" Nikijibu, mmoja atasema najigamba, mwingine atasema nalialia. Waseme tu, leo najibu.

Kiitaliano nilikipata nyumbani Malindi, mji wenye Wataliano wengi, kwa hivyo mtu wa huko sina haja ya kumweleza vipi. Kiingereza nimekisoma tangu nasari. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaosoma mikataba ya Kiingereza bila shida. Ukiwaambia "postpone" (ahirisha) au "tolerate" (vumilia) wanaelewa papo hapo, kwa sababu mzizi ni Kilatini, kama wa lugha yao. Sema "put off" au "put up with", maana ni zile zile ila kitenzi ni cha maneno mawili matatu, uone wanavyokutolea macho.

Sasa hivi tuko kwenye "take off". Kuvua viatu, kuvua koti, hiyo kwao ni togliersi, haina taabu. Tukafika kwa ndege kupaa, decollare, na mama mmoja wa makamo akanikasirikia kabisa: "Ndege inavua nini?" Biashara ikishika kasi, hiyo iliwaingia upesi, maana hata wao husema biashara imepaa. Bado kuna kuchukua siku ya mapumziko kazini, kupunguza bei, na kuondoka ghafla. Siwapi orodha wakariri. Navaa koti, nasimama mlangoni, nalivua mbele yao. "Take off my coat", "take my coat off", zote sawa. Lakini koti likishageuka "it", lazima likae katikati: "take it off". Wao wanasema "take off it", kila wiki, kwa kuwa kwao toglilo, yaani livue, ni neno moja.

Dawa niliyoipata ni lugha yao wenyewe. Wataliano wana buttare via, kutupa. Na kitupe wanasemaje? Buttalo via! Hicho "lo" kimekaa katikati, vile vile kama "throw it away". Siku niliyoandika hayo mawili ubaoni, moja chini ya jingine, yule mama alinyamaza, kisha akasema "take it off" bila kukosea. Kwa hilo naipenda kazi hii, na sioni haya kulisema.

Pesa sasa. Natoza euro 15 kwa saa. Mwanafunzi akiahirisha, saa hiyo imekwenda, silipwi. Agosti wote wako baharini, mimi sina kitu, na kodi ya nyumba haiendi likizo. Kampuni ikiniita, hukata kodi ya mapato ya asilimia 20 kabla sijaona senti. Risiti ikizidi euro 77.47 nabandika stempu ya serikali ya euro 2. Mbona 77.47? Ni lira 150,000 za zamani zilizogeuzwa euro, basi. Na kibali cha kuishi cha miaka miwili, kukihuisha kulinitoa euro 126.46 ukijumlisha stempu, posta, kadi na ada. Halafu unangoja miadi ya alama za vidole, na ukiuliza unaambiwa ngoja.

Linaloniuma zaidi ni hili. Shule moja ya lugha ilinisifu sana kwenye simu. Nilipofika wakaniangalia, wakasema wanatafuta aliyezaliwa na Kiingereza. Nimekisoma, nimekifanyia mitihani, ni lugha rasmi ya nchi yangu. Hawakuniuliza hata swali moja la sarufi.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza uje au usije, mimi siwezi kukuamulia. Kibali changu ni cha familia, kinaniruhusu kufanya kazi. Mwenye cha masomo ana kikomo cha saa 20 kwa wiki. Hesabu yangu si yako. Muone mhasibu wa mji utakaokaa kabla hujatoa risiti ya kwanza.