Dashi: Mchuzi Unaobeba Supu ya Miso

SHABANI: Karibuni tena kipindini. Leo tumo jikoni Japani, na sushi tumeiacha kwanza. Tunazungumzia dashi. Dada Mwanaidi, kwa nini tuanzie hapo?

MWANAIDI: Kwa sababu bila dashi, supu ya miso ni maji ya chumvi. Mtu ananunua miso nzuri, ile rojo ya soya iliyochachushwa, anaikoroga kwenye maji ya moto, anaonja, anashangaa wenzetu wanapenda nini hapo. Ile ladha nzito inayobaki mdomoni inatoka kwenye dashi. Na dashi ni vitu viwili tu na maji: konbu, yaani mwani mpana wa bahari baridi, mwingi wake unatoka Hokkaido, na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi mara nyingi mpaka akawa mkavu na mgumu kama gogo, kisha akaparuzwa vipande vyembamba.

SHABANI: Tupe vipimo.

MWANAIDI: Maji lita 1, konbu gramu 10, katsuobushi gramu 20 mpaka 30. Konbu ikiwa kavu utaona ungaunga mweupe juu yake. Wengi wanadhani ni ukungu, wanaisugua bombani. Usifanye hivyo, ule ni sehemu ya ladha. Pangusa mchanga tu kwa kitambaa chenye unyevu, uiloweke kwenye maji baridi nusu saa, ukipata saa nzima afadhali.

SHABANI: Halafu jikoni.

MWANAIDI: Moto mdogo, maji yapande taratibu, dakika 10 hivi. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Angalia chini na pembeni mwa sufuria: vijipovu vidogo vikianza kujishika pale, toa konbu. Usingoje itokote. Ikitokota inatoa utelezi na harufu kali ya mwani, na huwezi kuiondoa tena. Konbu ikishatoka, acha maji yachemke, zima moto, mwaga katsuobushi yote kwa pamoja. Usikoroge. Dakika 1 au 2 itazama yenyewe. Chuja kwa kitambaa safi, uache idondoke.

SHABANI: Na mkono wetu umezoea kukamua tui la nazi!

MWANAIDI: Tui likamue, dashi usiikamue. Ukikamua unapata uchungu na shombo, na mchuzi unakosa uangavu. Dashi nzuri ina rangi ya dhahabu hafifu, unaona mpaka chini ya bakuli.

SHABANI: Kwa nini lazima viwe viwili? Konbu peke yake haitoshi?

MWANAIDI: Inatosha kwa mapishi fulani, ila vikikutana vinazidishana. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alipata glutamati, kemikali inayoleta ile ladha nzito, ndani ya konbu, akaiita ladha yake umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata inosinati, kemikali nyingine ya ladha hiyo, kwenye katsuobushi. Baadaye ikathibitika kwamba hizo mbili zikiwa pamoja, ulimi unasikia ladha kubwa kuliko jumla ya kila moja. Wapishi walikuwa wakivichanganya karne nyingi kabla ya maabara. Na mahekalu ya Kibudha, ambako samaki haliwi, konbu inakutanishwa na uyoga mkavu wa shiitake.

SHABANI: Sasa msikilizaji wa Dar au Mombasa, katsuobushi ataipata kwa bei ya kuumiza. Afanyeje?

MWANAIDI: Japani kwenyewe nyumba nyingi zinatumia niboshi, samaki wadogo waliochemshwa kisha wakakaushwa. Dagaa wa baharini wa Unguja, wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wako karibu sana nao. Vunja kichwa, pasua tumbo kwa ukucha, toa kile cheusi, maana ndicho chenye uchungu. Gramu 20 kwa lita 1, loweka nusu saa, chemsha moto mdogo dakika 7 hivi huku unaengua povu. Onja kabla ya kutia miso, kwa kuwa dagaa wetu wana chumvi. Mwani unaolimwa Zanzibar, huo usijaribu kuuweka mahali pa konbu. Ni jamii nyingine kabisa, unatoa ute mzito na glutamati hupati.

SHABANI: Na maji?

MWANAIDI: Maji ya Japani mengi ni laini, yaani yana madini kidogo. Ya visima vya pwani, kwenye mawe ya chokaa, ni magumu, na konbu inashindwa kutoa ladha yake. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa, au ya chupa yenye madini kidogo.

SHABANI: Basi tumalizie supu yenyewe.

MWANAIDI: Watu 4: dashi mililita 800, miso gramu 60, tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na wakame kavu, mwani mwingine mwembamba, gramu 3 au 4. Wakame inavimba sana, usiongeze kwa jicho. Pasha tofu ndani ya dashi, zima moto, yeyusha miso ndani ya upawa kwanza. Usiichemshe tena, harufu inapotea. Na kwa asiyetumia kileo, soma lebo: miso nyingi za pakiti zinatiwa alkoholi ili isiendelee kuchachuka.

SHABANI: Mezani?

MWANAIDI: Wali kushoto, supu kulia. Bakuli linanyanyuliwa, unakunywa kwa ukingo wake, vijiti vinachukua vya ndani.

SHABANI: Na konbu iliyobaki, tutupe?

MWANAIDI: Hapana! Irudishe na katsuobushi ile ile kwenye maji nusu lita, moto mdogo dakika 10, unapata dashi ya pili ya kupikia mboga. Kisha konbu ikate nyembamba, ipike kwa sosi ya soya na sukari mpaka ikauke. Inaliwa na wali, na kwenye friji inakaa wiki nzima.