Kinanda cha Notre-Dame na vumbi la madini ya risasi

Ndugu wasikilizaji, jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, wakati dunia ikiutazama mnara mwembamba wa kanisa kuu la Notre-Dame de Paris ukiporomoka kwa moto, mawazo yangu yalikuwa upande wa magharibi wa kanisa, chini ya dirisha la duara. Pale ndipo kilipo kinanda kikuu, chenye mabomba karibu 8,000.

Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1163. Kinanda kimepita mikononi mwa mafundi wengi, ila sauti yake tunayoijua inatokana hasa na Aristide Cavaillé-Coll, aliyekamilisha kazi yake mwaka 1868. Louis Vierne, aliyezaliwa karibu kipofu, alikipiga kwa miaka 37, akafia papo hapo kitini, katikati ya onyesho, tarehe 2 Juni 1937.

Moto haukukiunguza. Mnara ulitoboa dari la mawe mbali nacho, na maji ya zimamoto hayakukidhuru sana. Kilichokinyamazisha ni vumbi. Paa lilikuwa la madini ya risasi, na vumbi lake lenye sumu likatanda kila mahali, hadi ndani ya mabomba.

Hapa naomba tutue kidogo. Mabomba mengi ya kinanda hulia kama filimbi: upepo huingia mguuni, hupenya kwenye ufa mwembamba, kisha hupiga ukingo wa mdomo. Uchafu kidogo pale, na sauti hukwaruza au hufa kabisa. Kwa hiyo kuanzia Agosti 2020 kinanda kilifunguliwa, mabomba yakapelekwa karakana kusafishwa, mengine mafupi kuliko kalamu, mengine yakikaribia mita 10.

Lakini karakana husafisha tu; sauti hutengenezwa kanisani. Bomba linalolia vizuri chumbani laweza kufifia au kupiga kelele chini ya kuba lile la mawe, kwa sababu kuta zenyewe ni sehemu ya kinanda. Ndiyo maana mafundi walikesha humo kwa takriban miezi 6, usiku, nyundo za wajenzi zikiwa zimetulia, wakisikiliza bomba baada ya bomba. Kwangu mimi, subira hiyo nayo ni ibada.

Tarehe 7 Desemba 2024, kanisa lilipofunguliwa tena, Askofu Mkuu wa Paris, Laurent Ulrich, alikigeukia kinanda akakiita kiamke. Alikiita mara 8, na mara zote 8 kikamwitikia.