Patroni za fundi na sauti ndani ya telefone

Vijana wangu, na nyinyi mafundi wa telefone mliofunga meza mapema ili mje kusikiliza, leo ni jinsi ya kubana sauti ili ipite kwa biti chache, lakini sitaanza na hesabu. Naanzia kwa fundi wa nguo pale Kamalondo.

Amepata kazi ya kushona mashati ya shule nzima. Akigawa mabega saizi nne, kifua saizi nne na mkono saizi nne, kila kimoja peke yake, atahitaji patroni 64. Nyingi hazina mwenyewe: nani ana mabega ya mtoto na mikono ya baba yake? Mwenzake anakaa mlangoni, anatazama miili inayopita, kisha anakata patroni 16 tu, kila moja ni mwili mzima. Ukitaja patroni kwa namba yake tu, namba ya patroni 64 inakula biti 6, yaani alama sita za 0 au 1; ya 16 inakula 4.

Simu ya kawaida ya mezani ya kidijitali ni fundi wa kwanza. Inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, bila kujali jirani yake. Dakika moja ya kusalimiana tu ni kilobaiti 480; ikipita hivyo kwenye intaneti, mega mnazinunua nyinyi.

Lakini ulimi na koo haviruki ovyo. Kwa milisekunde 20 umbo la mdomo linaweza kuelezwa kwa namba kama 10 hivi, na namba hizo hutembea pamoja kama mabega na mikono. Tunazichukua zote kwa mpigo, ndiyo vekta, tunatafuta iliyo karibu nayo zaidi katika kitabu cha mifano, tunatuma namba yake tu. Anayepokea ana kitabu kilekile.

Kitabu kinatungwaje? Mwaka 1980 Linde, Buzo na Gray walionyesha njia, wakipanua wazo la 1957 la Lloyd, mtafiti wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell, ambalo halikuchapishwa hadi 1982. Kusanya sauti nyingi. Weka mifano michache. Kila sauti iende kwa mfano ulio karibu nayo, halafu uhamishe mfano ukae katikati ya watu wake. Rudia mpaka mifano iache kusogea. Basi! Wanahesabu hupenda kuuficha urahisi huu. Ila ukianzia pabaya, unaweza kukwama pabaya.

Taabu kubwa ni unene wa kitabu. Ukiipa kila vekta biti 24, kitabu ni mifano 16,777,216, na unaipekua mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1993 watafiti Paliwal na Atal walikata vekta vipande viwili, namba nne na namba sita, biti 12 kila upande: vitabu viwili vya mifano 4,096. Unapoteza kidogo ule uhusiano wa mabega na mikono, lakini mashine inapumua.

Wengine hupanga vitabu kwa zamu: cha kwanza kinakadiria, cha pili kinashika kilichobaki, na kuendelea. SoundStream ya Google, 2021, ni kodeki, yaani programu ya kubana na kufungua sauti; inafanya hivyo kwa mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa mifano, na inaweza kushuka hadi kilobiti 3 tu kwa sekunde.

Swali la yule dada wa mbele ni zuri: je, kitabu kikikutana na kitu kisichokijua? Kitakupa mfano wa karibu, hata kama haufanani. Kijana, toa hilo likembe, kinanda cha vyuma cha kupigwa kwa vidole gumba. Litapita kwanza kwenye kodeki iliyotengenezwa kwa mdomo wa mtu, ya biti chache. Sikilizeni vyuma vinavyogeuka kuwa mtu anayesukutua maji.