Dada Anatoka Kazini Saa Ngapi?

REHEMA: Mbukwenyi, karibuni tena. Mimi ni Rehema, na mwenzangu Mazengo yupo hapa, amekuja na chai na ubishi.

MAZENGO: Chai imeshaisha. Karibuni jamani.

REHEMA: Leo ni dada wa kazi, na hatuanzi na mshahara, tunaanza na saa. Mtu akitafuta dada hapa Dodoma mjini, awe wa Ilazo au Nkuhungu, utamsikia anauliza: anajua kupika? Mtundu wa simu? Anapenda watoto? Kazi inaisha saa ngapi, hilo halitajwi.

MAZENGO: Litatajwaje wakati anaishi ndani? Anakula kwangu, analala kwangu, umeme wangu. Nikianza kumwekea daftari la mahudhurio si nitakuwa nimegeuza nyumba kuwa halmashauri?

REHEMA: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha nje kwa sababu anakula kwako, kaka yangu. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku zisizidi 6. Na hata mkikubaliana za ziada, siku moja isivuke saa 12. Haya, twende nyumbani kwa mtumishi wa Mtumba, kule kwenye ofisi za wizara. Dada anaanza saa ngapi?

MAZENGO: Kumi na moja na nusu yuko macho. Uji wa mtoto, maji ya kuoga, sare ya yule mkubwa.

REHEMA: Tuseme kumi na mbili kamili, nakupunguzia. Mama anatoka ofisini, anapitia Majengo kuchukua mboga, saa moja jioni yupo mlangoni. Anampokea mtoto?

MAZENGO: (anacheka) Anavua viatu kwanza. Halafu chakula kipakuliwe, mtoto aogeshwe, vyombo... saa tatu hivi.

REHEMA: Kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku ni saa 15. Toa hata moja ya mapumziko, bado umevuka zile saa 12 ambazo sheria inakataza kabisa kuzivuka, hata kwa makubaliano. Na hiyo ni siku ya kawaida, hakuna mgeni, hakuna mtoto mwenye homa.

MAZENGO: Lakini si zote ni kazi, Da Rehema, tuwe wakweli. Saa nane mtoto amelala, dada yuko kwenye kochi na tamthilia yake.

REHEMA: Anaweza kutoka akaenda kusuka?

MAZENGO: Atamwachaje mtoto?

REHEMA: Basi yupo kazini. Sheria inasema baada ya saa 5 mfululizo mtu apate mapumziko ya dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama anamtaka awe tayari kwa kazi wakati huo huo. Yule binti macho yako kwenye runinga, sikio liko chumbani kwa mtoto.

MAZENGO: Hapo sawa, nimekubali nusu.

REHEMA: Na usiku je? Kuna nyumba mtoto wa miezi sita analala na dada. Analia saa sita, analia saa tisa. Asubuhi mama anasema dada siku hizi mzito kuamka! Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena panatakiwa pumziko la saa 12 mfululizo. Kwa anayeishi pale pale kazini linaweza kushuka hadi 8, ila andikeni. Sasa anayeamshwa mara mbili ana saa 8 za wapi?

MAZENGO: Ngoja nikupe upande wa mzazi. Aprili hadi Juni, Bunge la Bajeti. Mji huu unajua maana yake. Mtu wa wizarani anatoka saa nne usiku, na hajapenda. Amwambie katibu mkuu kwamba saa tisa zake zimeisha?

REHEMA: Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Mtumishi huyo akichelewa anaandikiwa ekstradyuti, malipo ya saa za ziada, na isipoingia anaulizia kila Ijumaa. Saa zile zile alizochelewa yeye, nani alikuwa na mtoto wake?

MAZENGO: Duh.

REHEMA: Yeye analipwa kwa kuchelewa. Aliyemwezesha kuchelewa anaambiwa "asante dada, Mungu akubariki".

MAZENGO: Haya, nipe hesabu, maana watu wataona umewaletea deni.

REHEMA: Chukua mshahara wa laki moja. Saa za kawaida za mwezi ni 195, yaani 45 mara 4.333. Gawanya, saa moja inakuja kama shilingi 513. Ovataimu, yaani saa ya ziada, ni mara moja na nusu, kwa hiyo 770 hivi. Na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne.

MAZENGO: Hamsini kwa 770... elfu thelathini na nane na ushee. Mtu anatumia zaidi ya hiyo kwa vocha na nyama choma ya Ijumaa.

REHEMA: Kuna na ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inaongezwa asilimia 5 kwa saa.

MAZENGO: Asilimia 5 ya 513? Shilingi 26! Hiyo hata pipi hununui.

REHEMA: Ndogo, ndiyo. Ila ukiihesabu unakumbuka kwamba usiku ule alikuwa macho. Mimi ningesema hivi: siku ya kwanza, kabla hajafungua begi, kaeni chini. Kazi inaanza lini, mama akifika nani anashika mtoto, usiku nani anaamka. Msimu wa bajeti ukikaribia, aambiwe mapema: miezi hii mitatu tutachelewa Jumatatu hadi Alhamisi, na saa za ziada tunalipa kiasi hiki. Ovataimu inataka makubaliano. Kumtumia meseji saa mbili usiku, "dada nachelewa kidogo", hayo si makubaliano.

MAZENGO: Na akiwa wa kwenda na kurudi?

REHEMA: Huyo ni rahisi, saa yake ikifika anabeba pochi anaondoka. Ndiyo maana wengi wanamtaka wa kulala.

MAZENGO: Msikilizaji mmoja anauliza: Jumapili dada anakwenda nasi kanisani, kwa hiyo amepumzika, si ndiyo?

REHEMA: Mtoto anakuwa mgongoni kwa nani?

MAZENGO: Hajaandika. Lakini nadhani wote tunajua.

REHEMA: Basi hakupumzika. Kila wiki anatakiwa apate saa 24 zake mfululizo, na ukimfanyisha kazi ndani ya saa hizo unalipa mara mbili kwa kila saa. Ibada ikichukua muda wa saa tatu, kwa mshahara wetu ule, ni kama elfu tatu.

MAZENGO: Na ile mia tano ya sadaka niliyompa, naikata humo humo?

REHEMA: Mazengo!

MAZENGO: Nauliza tu, Da Rehema. Nauliza kwa niaba ya wasikilizaji.